Kupandisha sauti peke yake hakutoshi

Wengi hufika kwangu wakiwa na programu ya kupima hezi kwenye simu. Mwanamke transijenda, yaani aliyezaliwa akahesabiwa mvulana lakini anajitambua kuwa mwanamke, hunionyesha kwamba amefikisha 200, kisha huniuliza kwa uchungu kwa nini akipiga simu bado anaitwa "kaka". Mimi ni mtaalamu wa tiba ya usemi, na swali hilo nalichukulia kwa uzito wote.

Hezi huhesabu nyuzi za sauti zinatetema mara ngapi kwa sekunde; zikizidi, sauti huwa nyembamba zaidi. Wanaume wengi huongea kwenye 100 hadi 130 hivi, wanawake wengi 180 hadi 220. Karibu na 160 msikilizaji hubabaika. Lakini sikio husikiliza pia mwangwi, yaani jinsi sauti inavyovuma kutoka kooni hadi midomoni. Balehe ya kiume hushusha kikoromeo na kuirefusha njia hiyo. Ukipandisha sauti na njia ikabaki ndefu, utasikika kama mwanamume anayejibana koo.

Jaribu sasa hivi. Vuta "uuu", kisha "iii", bila kupanda wala kushuka. "U" huvuma nyuma, nzito; "i" huja mbele, nyepesi. Ndipo tunapoanzia: "mimi", "miti", "niite". Wepesi huo ukishazoeleka tunauhamishia kwenye "mama" na "maji", na mwisho kabisa "kuku", ambalo huwatesa wengi. Kupasha koo joto, tunavumisha sauti kupitia mrija uliozama kwenye glasi ya maji. Koo likiuma au sauti ikikwaruza, acha siku hiyo.

Estrojeni, homoni ya kike, haizipunguzi unene nyuzi zilizokwisha kukomaa. Testosteroni, homoni ya kiume, huzinenepesha, na sauti huanza kushuka ndani ya miezi michache. Hata hivyo wanaume transijenda nao huhitaji mazoezi, kwa sababu wengi huisukuma chini kwa nguvu, tena kifua kikiwa kimebanwa kwa vazi la kuficha matiti na pumzi haitoshi. Upasuaji wa kufupisha sehemu ya nyuzi inayotetema hupandisha sauti, ila mwangwi hubaki ulivyokuwa.

Wasiojitambulisha kama mwanamume wala mwanamke huniletea malengo ya kila aina. Kuna anayetaka kukaa katikati, kuna anayetaka sauti mbili achague kulingana na siku. Lengo ni lake, na sikubali kumchagulia.

Walio ughaibuni wana ugumu wao. Sauti iliyojengwa kwa Kiingereza huweza kutoweka mtu anapotamka "Shikamoo, mama", maana Kiswahili chake bado kimekaa kwenye sauti ya utotoni. Kwa hiyo tunafanya mazoezi kwa Kiswahili tangu mwanzo: salamu, kumwita mtu aliye mbali, hata kucheka na kukohoa, ambavyo huchelewa sana kubadilika. Kabla ya simu ya nyumbani, nashauri aanze na ndugu mmoja anayemwamini, simu fupi, akiwa amekaa wima na maji karibu.