Asiyefika Jukwaani: Dhana Potofu Kuhusu Mhusika Anayesubiriwa

Dhana potofu: Mhusika asiyeonekana hana kazi katika tamthilia.

Ukweli: Aliyewahi kuhudhuria shughuli za hadhara hapa Bagamoyo anajua jinsi kiti cha mbele kilichotandikwa kitambaa kwa ajili ya mgeni rasmi kinavyoweza kusimamisha ratiba nzima, wapiga ngoma wakingoja na hakuna anayethubutu kukikalia, ilhali mgeni mwenyewe pengine hajatoka Dar es Salaam. Godot, anayesubiriwa bila kufika katika tamthilia ya Samuel Beckett, Kumngojea Godot, anatawala vivyo hivyo: kila wazururaji wawili, Vladimir na Estragon, wanapotaka kuondoka, wanakumbushana kwamba wanamsubiri. Katika Viti, tamthilia ya Eugène Ionesco iliyooneshwa mara ya kwanza mwaka 1952, wageni karibu wote hawaonekani, na mzigo unamwangukia mwigizaji. Akianza kumsalimu mgeni mrefu, kisha macho yake yakateleza hadi usawa wa kifua, mgeni huyo hayupo tena.

Dhana potofu: Angefika, mambo yangenyooka.

Ukweli: Katika Viti, Msemaji anayesubiriwa anafika. Wazee wawili waliowaalika wageni hao wanajirusha dirishani wakiamini kwamba atautangazia ulimwengu ujumbe wao, naye ni bubu na kiziwi.

Dhana potofu: Godot ni Mungu, na mjadala umekwisha.

Ukweli: Tafsiri hiyo haikosi msingi, maana mtoto anayeleta ujumbe wa Godot katika sehemu ya pili anadhani ndevu za bwana wake ni nyeupe. Lakini mtoto anayeleta ujumbe katika sehemu ya kwanza, ambaye huchunga mbuzi, anasema yeye hapigwi, ila ndugu yake anayechunga kondoo ndiye hupigwa. Anayekumbuka jinsi Injili ya Mathayo inavyotenga kondoo na mbuzi, kondoo wakibarikiwa na mbuzi wakihukumiwa, ataona kwamba mpangilio umepinduliwa, na sidhani kwamba ni kwa bahati mbaya. Beckett mwenyewe, alipoulizwa na mwongozaji Alan Schneider Godot ni nani, alijibu kwamba angelijua, angelisema ndani ya tamthilia. Mwaka 1957 tamthilia hiyo ilipochezwa mbele ya wafungwa wa gereza la San Quentin, Marekani, mmoja wao alisema Godot ni jamii, mwingine akasema ni maisha ya nje ya kuta. Majibu hayo yalitokana na kungoja kwao wenyewe, na mwongozaji anayetundika msalaba mkubwa nyuma ya ule mti pekee wa jukwaani anawafungia mlango watazamaji wa namna hiyo.