Eksepsheni ya Java: mtumiaji anapoandika "ishirini" badala ya 20

Programu yako, uliyoiandika kwa lugha ya Java, inauliza umri. Ulitarajia 20, mtumiaji anaandika "ishirini", anabonyeza Enter, na skrini inajaa mistari inayotaja InputMismatchException. Programu imekufa.

Eksepsheni ni kitu ambacho Java hukiunda na kukirusha inapofika mahali isipoweza kuendelea. Kikisharushwa, mistari iliyobaki haitekelezwi. Java inaanza kumtafuta wa kukidaka, kuanzia metodi iliyopo (kipande cha msimbo chenye jina) hadi kwenye main, metodi ambako programu huanzia. Akikosekana, programu inasimama. Kudaka ni kazi ya try na catch: msimbo unaoweza kuleta shida unakaa ndani ya try, na la kufanya shida ikitokea linakaa kwenye catch.

Sasa kuna mtego ambao karibu kila anayeanza huuingia. Anaweka nextInt ya Scanner (amri ya kusoma namba nzima aliyoandika mtumiaji) ndani ya try, kwenye catch anachapisha "Andika namba tafadhali", halafu vyote anavizungushia while, yaani kitanzi cha kurudia, ili swali lirudi. Anajaribu "ishirini". Ujumbe unamiminika bila kikomo, na mtumiaji hapati hata nafasi ya kujirekebisha! Kisa ni kwamba nextInt ikishindwa kulisoma neno, hailimezi. Neno linabaki ndani ya Scanner, na kila mzunguko unalikuta palepale. Eksepsheni umeidaka, lakini uchafu ulioileta hujauondoa. Ita nextLine, inayosoma mstari mzima, ndani ya catch, ulitupe neno hilo.

Mimi husoma mstari mzima kwa nextLine, nikaupitisha kwenye trim inayoondoa nafasi za mwanzoni na mwishoni, ndipo nikaupa Integer.parseInt inayogeuza maandishi kuwa namba. Ikigoma inarusha NumberFormatException, na kwa kuwa mstari umeshasomwa, hakuna mabaki. Hiyo trim usiidharau: parseInt hukataa " 20" kwa sababu ya nafasi moja tu. Hukataa pia 3000000000, maana int, aina ya namba nzima ya Java, inaishia 2147483647, kwa hiyo ujumbe wa "hiyo si namba" utakuwa uongo. (Namba za simu ziache ziwe String, yaani maandishi; ukizigeuza int, ile sifuri ya mwanzo inapotea.)

Usidake Exception nzima, yaani kila aina ya eksepsheni, kisha ukaacha catch tupu. Utaficha hata makosa yako mwenyewe.

Na -5 je? Inapita kimya. Kwa Java hiyo ni int safi kabisa. Kwamba hakuna mtu mwenye umri huo, utaikagua wewe kwa if.