Jamii ya mnazi kwenye baridi ya Kabale: dhana potofu na ukweli

"Kabale ni baridi mno, mti wowote wa jamii ya mnazi utakufa." Mnazi wa nazi kweli hautafika mbali huko kusini-magharibi mwa Uganda, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, huo unataka joto usiku na mchana. Lakini jamii yake ina aina zaidi ya 2,000. Trachycarpus fortunei, wenye asili ya China, huangukiwa na theluji na kustahimili nyuzi 10 chini ya sifuri. Usiku wa Kabale hushuka karibu nyuzi 10 juu ya sifuri. Kwake hiyo si baridi.

"Basi kila mti unaovumilia theluji utanawiri milimani." Hapa ndipo watu hupoteza pesa. Rhapidophyllum hystrix wa kusini-mashariki mwa Marekani huvumilia baridi kuliko karibu jamaa zake wote, ila hukua katika miezi ya joto kali ambayo Kabale haina. Hautakufa, utadumaa tu, mwaka baada ya mwaka. Ceroxylon quindiuense, mti wa taifa wa Colombia, ni kinyume chake. Hauwezi barafu kali, lakini kwao Andes umezoea ubaridi wa kudumu na ukungu, na hurefuka hata kupita mita 45. Kama una kiwanja Kabale, Kisoro au juu Kapchorwa, anza na huu. Kampala utateseka, hasa kwa joto la usiku. Uwe na subira pia: hukaa miaka mingi ukiwa majani matupu kabla ya kutoa shina.

"Mbegu zikikauka vizuri zitadumu, kama maharage." Nyingi za jamii hii hufa zikikauka sana. Tafuta mbichi, ondoa nyama ya tunda, ziloweke siku mbili, kisha zifukie kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya mfuko. Kuota huweza kuchukua miezi kadhaa, wakati mwingine hata mwaka, kwa hiyo usizimwage mapema. Ukiagiza ng'ambo, pata kwanza kibali cha Wizara ya Kilimo na cheti cha afya ya mimea kutoka zinakotoka.

"Ule wa korongo la Mto Mpanga ni mnazi adimu wa kwetu." Ni adimu, naam, lakini si wa jamii hii. Mti huo, Encephalartos whitelockii, hautoi maua, hutoa koni kama msonobari, na uko hatarini kutoweka. Anayekuuzia uliong'olewa porini anakuuzia wizi.

Anayetaka wa kwetu wa kweli ana mkindu, mvumo na mwale. Bustani ya mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, ni mahali pazuri pa kuona miti ya jamii hii ikiwa imekomaa kabla ya kununua mche.

"Ukate kichwa utoe matawi." Mkindu utapona, kwa kuwa huchipua shinani. Ceroxylon una kichwa kimoja tu, na ukikikata umeuua.