Je, wajua kwa nini nyumba ya kanjo ina kodi ndogo na bado huipati?

Ukizunguka Nakuru katika mitaa ya Bondeni, Flamingo na Kivumbini, utaona nyumba za safu zilizoshikana ukuta kwa ukuta, na ua ambamo akina mama huanika nguo na watoto hucheza kati ya kamba. Kisumu ziko Ondiek, Arina, Lumumba na Kaloleni. Kakamega, nenda Amalemba. Watu huziita nyumba za kanjo hadi leo, ingawa kanjo yenyewe, yaani halmashauri ya mji, ilivunjwa Machi 2013 na nyumba zikawa mali ya serikali za kaunti.

Muulize anayeishi humo analipa ngapi kwa mwezi. Mara nyingi atakutajia kiasi ambacho hakikupi hata chumba kimoja cha mabati kule Manyatta au Rhonda. Ndipo swali linapokuja: ikiwa ni nyumba ya umma na kodi yake ni nafuu hivyo, mbona mfua nguo wa Nyalenda, mtaa wa mabati wa Kisumu, hawezi kwenda ofisini, akajaza fomu, akangoja zamu yake na kupewa funguo?

Jibu ni kwamba unafuu wenyewe ndio uliofunga mlango. Ili hilo lieleweke, turudi nyuma kidogo.

Reli ilifika ufukweni mwa Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, mahali Wazungu walipopaita Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, Desemba 1901. Nakuru nayo ilikua kando ya reli hiyo hiyo. Miji hii ilihitaji watu wa kupakua mizigo, kufagia barabara, kubeba mafaili na kupika majikoni, lakini serikali ya kikoloni haikutaka watu hao wawe wenyeji wa mji. Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni wa kazi: afanye mkataba wake, kisha arudi kwao kwa mke na shamba. Nyumba zilijengwa kwa hesabu hiyo. Chumba kilipimwa kwa vitanda vya wanaume, choo na bomba vikawa vya safu nzima. Waajiri nao walitakiwa ama wamlaze mfanyakazi ama wamlipie pa kulala. Wazo hilo halikufa. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 bado kinamtaka mwajiri atoe nyumba ya kufaa au aongeze pesa za kodi juu ya mshahara. Ile posho ya nyumba unayoiona kwenye hati yako ya malipo ni mjukuu wa kitanda cha mkoloni.

Mwaka 1954 kamati ya mishahara iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilipendekeza kwamba mshahara wa Mwafrika mjini uhesabiwe kwa mtu mwenye familia, na nyumba pia zijengwe kwa familia. Baada ya uhuru kanjo ziliendelea na kazi hiyo kwa bidii. Shirika la Kitaifa la Nyumba, lililoundwa 1967, lilizikopesha pesa, nazo zikajenga na kulipa deni kidogo kidogo kutokana na kodi. Nyumba nyingine zilikuwa za kupanga tu. Nyingine zilikuwa za kununua polepole, mpangaji akilipa miaka mingi hadi iwe yake.

Kisha ujenzi ukapungua na baadaye ukakaribia kusimama. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kanjo zilipoteza kodi ya kichwa iliyopanda kulingana na kipato, ambayo ilikuwa moja ya nguzo za bajeti zake. Miaka ya 1980 ikaja na masharti ya wakopeshaji kwamba serikali ipunguze matumizi. Watu waliendelea kumiminika mjini, na nyumba zikabaki zile zile.

Sasa tazama kilichoikuta kodi. Kiwango kiliwekwa kwa azimio la madiwani, na kukipandisha kulihitaji azimio jingine. Diwani gani angeinua mkono kuwapandishia kodi wapiga kura wa wadi yake mwenyewe? Basi kodi ikalala pale pale huku bei za mjini zikipanda mwaka hadi mwaka.

Tuseme nyumba ya kanjo ni shilingi 2,000 kwa mwezi na nyumba ya ukubwa huo kwa landilodi wa kawaida ni 7,000. Pengo ni shilingi 5,000 kila mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka. Aliyepewa nyumba hiyo zamani sasa amejenga yake Kiamunyi au Riat. Je, atarudisha funguo? Akirudisha, hapati chochote. Akibaki kwenye daftari na kumweka mtu mwingine ndani, anapata 60,000 kwa mwaka bila kununua hata msumari. Kanjo inapata 2,000 yake, haitoshi hata kurekebisha mfereji, paa linavuja, na anayekaa ndani hawezi kulalamika kwa sababu kwenye daftari hayupo.

Najua hali hiyo kwa sababu niliwahi kuishi ndani yake, katika mji mmoja wa magharibi. Nililipa kodi ya soko kwa mtu aliyekuja kila tarehe tano, na ukutani kulikuwa na namba ya nyumba iliyopakwa rangi na kanjo. Choo kilipoziba nilikwenda ofisini kuripoti. Karani alifungua daftari, akaniuliza mimi ni nani. Sikuwa na jibu ambalo lingenisaidia.

Lazima nitenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mjane aliyelelewa Ondiek, akaolewa humo, akazika mume na kulea wajukuu humo, si mtu wa kufukuzwa kwa sababu risiti ina jina la marehemu. Nyumba ile ndiyo maisha yake. Uingereza, ambako ndiko mfumo wetu wa kanjo ulikochukuliwa, sheria imelifikiria jambo hili: kwa kawaida mjane au mgane aliyekuwa akiishi humo anaurithi upangaji, lakini mara moja tu, kisha nyumba inarudi kwa halmashauri. Mtu asiyeishi humo kabisa, anayekusanya kodi juu ya kodi, ni habari nyingine. Huyo amekalia nafasi ya familia iliyolala Obunga usiku wa mvua.

Hapo ndipo ardhi inapoingia, na Kisumu na Nakuru zinatofautiana kidogo. Mitaa ya mabati ya Kisumu, yaani Nyalenda, Manyatta, Obunga na Bandani, haikuota juu ya ardhi ya serikali kama sehemu kubwa ya Kibera. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka wa manispaa ulisukumwa nje, ukameza vijiji vya watu wenye mashamba ya urithi na hati zao. Landilodi wa Manyatta mara nyingi ni mwenyeji aliyejenga safu ya vyumba kwenye shamba la babu yake. Kule Nakuru, Rhonda na Kaptembwo ni ardhi iliyonunuliwa kwa pamoja na makampuni ya wananchi, kisha ikakatwa vipande. Kwa hiyo kaunti ikitaka kujenga, haina uwanja mkubwa mahali ambapo shida imekaa. Ardhi iliyo mikononi mwake ni ile ya mitaa ya zamani iliyo karibu na mji. Ndiyo sababu macho yote yako Makasembo na Bondeni: bomoa safu za chini, inua ghorofa, familia nyingi zikae palipokaa chache.

Bondeni ya Nakuru imepata nyumba mpya 605 katika mpango wa nyumba za bei nafuu. Kisumu iliingia ubia wa kuijenga upya Makasembo na LAPFUND, mfuko wa akiba ya uzeeni wa wafanyakazi wa serikali za mitaa. Wasomaji wengi hupita jina hilo bila kulitafakari. Pesa za mfuko wa uzeeni ni za wazee watakaostaafu, na sheria inataka zizae. Jengo lililojengwa kwa pesa hizo haliwezi kupangishwa kwa kodi ya mwaka 1975. Ni nyumba mpya, safi, zenye maji ndani, na hilo ni jema, lakini tusiite nyumba ya kanjo kitu kinachopaswa kurudisha faida.

Je, sheria mpya imemkumbuka maskini? Kwa maandishi, ndiyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi ya kufaa yanayoweza kufikiwa, na Jedwali la Nne linaipa kaunti kazi ya mipango na maendeleo, pamoja na nyumba. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa saini Machi 2024 ndiyo inayokata asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri naye huongeza kiasi hicho hicho. Sheria hiyo imegawa nyumba kwa kipato: nyumba za kijamii ni za mwenye kipato chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, nyumba za bei nafuu ni za wa 20,000 hadi 149,000, na anayezidi hapo ana kundi lake. Unajisajili Boma Yangu, tovuti ya mpango huo, na kuanza kuweka akiba ya malipo ya kwanza.

Tofauti na nyumba za zamani ni kubwa. Hizi ni za kununua kwa malipo ya polepole, na mnunuzi haruhusiwi kuiuza bila idhini ya bodi. Mfua nguo wa Nyalenda yumo katika kundi la kwanza bila shaka. Lakini leo amepata 600, kesho hakuna kitu, Jumamosi amepata 1,000. Hana hati ya mshahara. Kwake, malipo ya kila mwezi kwa miaka mingi ni ahadi ya kutisha kuliko kodi. Kwa mtu kama huyo nadhani nyumba ya kupanga, ya umma, yenye kodi inayofuata kipato, bado ndiyo jibu, na sielewi kwa nini tuliliacha wazo hilo lizeeke pamoja na kuta za Flamingo.

Tukilirudia, lazima tukubaliane kwanza nani apewe. Ulimwenguni kuna njia chache zilizojaribiwa. Foleni ni rahisi kueleweka: aliyejiandikisha kwanza hupewa kwanza. Kasoro yake ni kwamba mwenye subira na pesa za kungojea humshinda mwenye dharura. Kura humnyima ofisa nafasi ya kuchagua jamaa yake. Kenya tuliitumia Dandora ya Nairobi miaka ya 1970, watu wa kipato cha chini walipogawiwa ploti zilizopimwa na kuwekewa maji na choo, mwenyewe ajenge. Migosi ya Kisumu ilizaliwa na wazo hilo hilo la ploti yenye huduma. Pita Migosi leo uone maghorofa na magari yaliyoegeshwa, kisha uniambie ni wangapi wa kipato cha chini waliobaki. Kura hugawa kwa haki siku moja. Ya kesho yake haiyalindi.

Uingereza halmashauri hupima shida. Sheria yao ya nyumba ya mwaka 1996 inazilazimu kuwa na mpango wa ugawaji na kuutangaza hadharani, na kuwatanguliza wasio na makao, waliosongamana au wanaoishi mahali pabaya kwa afya, na wagonjwa au walemavu ambao nyumba ingewafaa. Hawajamaliza tatizo. Tangu 1980 wapangaji waliruhusiwa kununua nyumba za halmashauri kwa punguzo kubwa, nyumba zikapungua, na foleni huko ni ndefu. Hata hivyo mtu aliye kwenye foleni anaweza kusoma kanuni iliyomweka nyuma. Mji wa Delft, Uholanzi, ulifanya jambo jingine mwaka 1990: nyumba zilizo wazi zikatangazwa kama bidhaa za sokoni, mwombaji akataja anayoitaka, na baadaye watu wote wakajulishwa aliyepewa alikuwa na sifa gani.

Ukisikiliza mazungumzo ya wapangaji wa Kaloleni au Amalemba utagundua hakuna anayejua nyumba ya mwisho ilipewa nani na kwa sababu gani. Hapo ndipo penye kidonda kwangu. Ninaweza kukubali kukosa nyumba kwa sababu yuko mama mwenye mtoto asiyeweza kupanda ngazi. Siwezi kukubali kukosa nyumba bila kuambiwa kwa nini.

Kuna mlango ambao wengi hatujaubisha. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa raia yeyote haki ya kuiandikia kaunti na kuuliza: mnamiliki nyumba ngapi katika mtaa huu, ngapi zimekaguliwa kuona nani anaishi ndani, orodha ya wanaongoja ina watu wangapi, na mnatumia kipimo gani kugawa? Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Kupeleka ombi hakulipiwi. Unaweza kutozwa gharama ya nakala tu. Wakikataa au wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na sheria hiyo imesema wazi kwamba barua yenyewe unaweza kuiandika kwa Kiswahili.