Umetoka jela, mke anakusubiri: maswali ambayo wanaume wanaulizaga pembeni

Msamaha wa Rais ukitoka, iwe ule wa 26 Aprili au wa 9 Desemba, watu wanahangaika na nauli na nguo za kurudia nyumbani, ya chumbani hakuna anayekuandaa. Mimi naona hilo ni kosa, kwahiyo tujibizane hapa.

Nimekaa ndani miaka bila mwanamke, wanasema mbegu zimeganda?
Uongo. Mwili unatengeneza mbegu kila siku, za zamani unazifyonza wenyewe au zinatoka kwenye ndoto nyevu. Wiki ya kwanza tu uraiani unaweza kumpa mtu mimba, na hapo ndo wengi wanapigwa chenga, hana kazi hana chumba, mara anaitwa baba.

Sikufanya chochote huko ndani, nipime ya nini?
Nakuamini, ila wembe mliochangia kunyolea na tatuu za sindano moja zinaweza kupitisha VVU na homa ya ini. Na mwenzio naye alikuwa nje muda wote huo, simsemi vibaya jamani, nasema pimeni wote wawili siku moja: VVU, kaswende, homa ya ini. Ukikutwa huna homa ya ini aina ya B kuna chanjo, dozi 3 ndani ya miezi 6. VVU vilivyoingia juzi kipimo kinaweza kisivione, rudia baada ya miezi 3 na katikati hapo tumia kondomu. Na kama una kikohozi cha wiki 2 na zaidi kiseme, TB inapenda msongamano wa selo.

Na kama nililazimishwa?
Pole sana kaka. Aibu ni ya aliyefanya, sio yako. Mwambie daktari ilivyokuwa kwasababu kisonono kinaweza kujificha njia ya haja kubwa au kooni bila dalili yoyote na kipimo cha mkojo hakitakiona. Kama hayajapita masaa 72 kuna PEP, dawa za siku 28 za kuzuia VVU, wahi.

Natumia ARV, nikitoka je?
Omba barua ya uhamisho na dawa za kuanzia kabla ya siku yenyewe. Msamaha ukikukuta ghafla usisubiri barua, nenda CTC (kliniki ya dawa za VVU) ya karibu na kadi yako, waambie ulikuwa unachukulia wapi, maana ukikatisha dawa virusi vinapanda tena. Ukinywa vizuri mpaka kipimo kisivione humuambukizi mkeo kwa ngono, na mtoto mnapata.

Nimekuta mke ana kijiti cha kuzuia mimba, alikuwa anajikinga na nani?
Pumua kwanza. Kijiti kinakaa miaka 3 mpaka 5 kutegemea aina, pengine aliwekewa baada ya kujifungua na wewe bado upo nyumbani, pengine alisikia unakaribia kutoka akajipanga. Muulize, usimkabe, na usimlazimishe akitoe eti ufidie muda uliopotea, mwili ni wake. Mkikubaliana mnataka mtoto kinatolewa dakika chache na uzazi unarudi haraka, sio kama sindano ya miezi 3 ambayo ukiacha unaweza kusubiri hata karibu mwaka.

Kwa mwanaume kuna nini?
Kondomu, na kufunga kizazi. Hawakuhasi, wanafunga mirija tu, korodani zipo, inasimama, maji yanatoka. Miezi 3 ya mwanzo unatumia kinga mpaka wapime shahawa, na magonjwa haizuii hata baadae. Ila ni ya kudumu, mtu aliyetoka juzi ningemwambia asikimbilie.

Siku ya kwanza imegoma kusimama!
Kawaida kabisa, mawazo, usingizi mbovu, presha ya kuonyesha uanaume. Mwambie mkeo ukweli, pumzikeni, mjaribu siku nyingine. Vumbi la Kongo, ule unga wa nguvu za kiume, achana nalo, hujui limechanganywa na nini na moyo wako hujaupima. Ikiendelea miezi kadhaa nenda hospitali wakupime sukari na presha, mara nyingi tatizo linakuwa huko.