Hela ya afya haitoshi, nani aanze kupata? Maswali mnayoniuliza dirishani huku Kusini

Mtwara kuchele! Na ndugu zangu wa Lindi nawasalimu pia. Mi ni muuguzi, niko zahanati ya kijijini huku uwanda wa Makonde, na watu wakija hawaulizi ugonjwa tu, wanauliza sana mambo ya hela na haki, kwanini huyu kapata mi nimekosa, kwanini wilaya ile wana gari la wagonjwa na sisi tunabebana kwa bodaboda. Nimeona niyaweke pamoja maana majibu ya haraka haraka pale dirishani hayatoshi.

Dawa ya presha ikija kidogo kwanini mnatupa ya wiki mbili wakati tumezoea ya mwezi?

Kwa sababu iliyokuja haiwatoshi wote walioandikwa kwenye daftari la kliniki. Hapo mtoa dawa ana njia kama tatu, awape waliowahi dozi ya mwezi na waliochelewa wakose, au kila mtu apate kidogo kidogo, au aangalie nani presha yake iko juu kiasi kwamba akikosa dawa anaweza kupooza. Vituo vingi vinachagua ile ya kila mtu kidogo kwa sababu haina ugomvi, kila mtu anaondoka na kipakti chake na benchi linatulia.

Ila sasa mwangalie mama anayetoka kijiji cha mbali, nauli ya boda kwenda na kurudi inazidi hata bei ya dawa yenyewe, wiki mbili zikiisha yule harudi, anakaa hivyo hivyo mpaka siku aanguke shambani. Anayekaa nyuma ya zahanati anarudi kwa miguu na kanga yake begani. Tumegawa sawa lakini mmoja kapona na mwingine kapooza. Msimamo wangu mi ni kwamba wa mbali apewe ya mwezi, wa jirani ndio apewe kidogo kidogo, na hilo lisemwe wazi pale benchini watu wote wakisikia, maana likifanywa kimyakimya hapo ndipo linapoingia suala la ndugu na jamaa, leo kapewa wa mbali kesho kapewa shemeji.

Kwani kugawa sawa kwa sawa si ndio haki yenyewe?

Huku Newala na Tandahimba shida ya maji tunaijua, hebu fikiria kila nyumba ipewe ndoo mbili, nyumba ya bibi mmoja ndoo mbili na nyumba ya watu tisa ndoo mbili, nani ataita hiyo haki? Afya ni hivyo hivyo. Anayehitaji zaidi apate zaidi, na wenye shida inayolingana wahudumiwe kwa kulingana hata kama mmoja ni mtoto wa mwenyekiti.

Serikali yenyewe ililikubali hilo zamani, tangu 2004 hela za afya zinazoenda halmashauri zikaanza kugawanywa kwa kanuni, idadi ya watu ndio ina uzito mkubwa kisha wanaangalia umaskini, vifo vya watoto chini ya miaka 5, na urefu wa njia ambazo gari la wilaya linapita kufikia vituo. Hicho cha mwisho ndio kinatugusa sana sisi. Liwale, wilaya ya huku Lindi, ina watu wachache lakini mtu anaweza kuendesha gari mpaka achoke kabla hajafika kijiji kinachofuata, ukihesabu vichwa tu Liwale itapewa hela ya mafuta isiyofika popote.

Umbali unaua kweli au ni sisi tunalalamika tu?

Unaua, na ushahidi umetoka huku huku kwetu. Kuna utafiti ulichapishwa 2015 kwenye jarida la kitabibu la Lancet Global Health, takwimu zilikusanywa kaya kwa kaya kwenye wilaya za Lindi na Mtwara, kaya zaidi ya laki mbili. Wakaangalia vifo vya kina mama vinavyotokana moja kwa moja na uzazi, yaani kutokwa damu, kifafa cha mimba na mengine ya namna hiyo. Kwa wanaoishi ndani ya kilomita 5 kutoka hospitali vilikuwa 111 kwa kila vizazi hai laki moja, na kwa wanaoishi zaidi ya kilomita 35 vilikuwa 422. Karibu mara nne! Mimba ni ile ile, kinachotofautiana ni barabara tu.

Kwahiyo mtu akisema kituo kijengwe mjini kwa sababu huko ndiko kuna watu wengi, anasema kitu chenye mantiki ya hesabu, lakini aulizwe pia hao wa kilomita 35 wanawekewa nini badala yake. Gari? Nyumba ya wajawazito kusubiria karibu na hospitali? Kama jibu ni hakuna basi uamuzi umeshafanyika kwamba hao wafe zaidi ya wenzao, ni vile tu hakuna aliyeusema kwa mdomo.

Mitengo wamejenga hospitali kubwa ya kanda, hizo hela si wangetugawia zahanati?

Hili swali linaulizwa sana na mimi sikubaliani nalo moja kwa moja. Kabla ya hospitali ya rufaa ya kanda pale Mitengo, mgonjwa akishindikana hospitali za mkoa, Ligula hapa Mtwara au Sokoine pale Lindi, safari ilikuwa Muhimbili, Dar, zaidi ya kilomita 500 ukitokea Mtwara, na mnakumbuka Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ilivyokatika kule Somanga Kilwa, magari yakalala pande zote mbili. Watu milioni kadhaa wa Kusini hawawezi kutegemea barabara moja ili mtoto afanyiwe upasuaji. Kwahiyo ile hospitali ni haki yetu.

Ninachosema ni kwamba hospitali kubwa haimalizi gharama siku ya kukata utepe, kila mwaka inataka madaktari bingwa, umeme, vipuri, kemikali za maabara, na hela hizo zinatoka kwenye mfuko ule ule unaolipa mhudumu wa zahanati na chanjo. Wengi wa wanaokufa kwa malaria, kuhara, nimonia na uzazi wangeweza kuokolewa chini huku kabla hata hawajafika kwa bingwa. Kwa zahanati zetu za uwanda huu, tenki kubwa la kuvunia maji ya mvua ili chumba cha kuzalishia kisikose maji linaweza kuokoa watoto wengi kuliko mashine ya bei mbaya, na tenki halihitaji fundi kutoka Dar.

Sasa nani anajua hela iende wapi? Si wanakisia tu?

Zamani walikuwa wanakisia sana, wanachukua bajeti ya mwaka jana wanaongeza kidogo. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1990 kukaja mradi wa TEHIP, Wizara ya Afya ikishirikiana na IDRC, shirika la utafiti la Wakanada, wakafanya Morogoro Vijijini na Rufiji, majirani zetu kabisa hapo ukivuka Kilwa. Wakapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani kafa na kafa kwa nini, wakalinganisha na bajeti. Morogoro wakakuta malaria inachukua kama 30% ya miaka ya uhai inayopotea lakini inapewa kama 5% tu ya matumizi ya afya ya wilaya! Wakahamisha hela zifuate vifo vilipo, vyandarua, mafunzo kwa wahudumu namna ya kumtibu mtoto mzima mzima siyo ugonjwa mmoja mmoja. Nyongeza ya hela yenyewe haikufika hata dola moja kwa mtu kwa mwaka, na vifo vya watoto Rufiji vikashuka kwa zaidi ya 40% ndani ya miaka mitano hivi.

Ndio maana nawaambia kila siku, mtoto akifia nyumbani toeni taarifa, mkizika kimyakimya bajeti haimuoni. Na sisi Mtwara bado tuko kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini kwa hiyo hili siyo jambo la historia.

Basi si wahesabu tu, dawa inayookoa wengi kwa bei ndogo ipite kwanza, wamalize?

Hesabu inasaidia lakini ukiiachia peke yake inaleta vituko. Jimbo la Oregon huko Marekani walifanya hivyo, 1990 wakatoa orodha ya matibabu kwa watu maskini wakiipanga kwa gharama na faida, na kuna matibabu ya meno yakatokea juu ya upasuaji wa kidole tumbo (ile appendiksi) na upasuaji wa mimba iliyotunga nje ya kizazi, kwa sababu meno ni bei rahisi. Mtu anakufa usiku huo huo na orodha inasema jino kwanza! Watu wakapiga kelele, wakarudi kuipanga upya wakiwasikiliza na wananchi. Hesabu iwekwe mezani, ila pale mezani wakae watu, na anayekaribia kufa asipitwe na jino.

Na wa figo? Kusafisha damu ni ghali, anaachwa?

Hili ni gumu na silipendi. Mgonjwa mmoja anahitaji mashine mara mbili tatu kwa wiki, maisha yake yote au mpaka apate figo nyingine, hela yake kwa mwaka ingenunua dawa za presha na kisukari za kijiji kizima, dawa ambazo zingezuia figo nyingi kufa. Seattle, Marekani, 1962 mashine zilikuwa chache wakaunda kamati ya raia wachague nani aishi, wakawa wanaangalia kama mtu ana ndoa, ana kipato, anakwenda kanisani. Ilileta hasira mpaka leo inatajwa kama mfano wa namna ya kutofanya, na 1972 bunge lao likapitisha serikali igharamie wagonjwa wa figo karibu wote. Sisi hatuna hela hiyo, lakini vigezo tunaweza kuwa navyo: nani atafaidika kitabibu, nani alianza kusubiri. Cheo, dini na kuolewa visiguswe. Na kinga ya figo ianzie kwenye kile kipakti cha presha cha pale juu.

Mi siumwi, kwanini nilipie bima?

Kwa sababu ukisubiri uumwe utauza korosho kwa kangomba, yaani kwa mchuuzi wa pembeni kabla ya mnada. Tunaona kila mwaka mwezi wa saba wa nane huko, mnada bado, mtoto anahitaji upasuaji, baba anamuuzia mchuuzi korosho zikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, msimu ukifunguliwa wenzake wanakwenda chama cha msingi yeye anaangalia. Ugonjwa wa siku nne unakula mwaka mzima wa shamba na salfa.

CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii) ilipoanza 2018 kaya ya watu 6 ililipa 30,000 kwa mwaka, na wakati mzuri wa kukusanya ni malipo ya korosho yakitoka, siyo Machi watu wanakula mihogo, yaani hata kalenda ya kuchangia ina haki yake. Wakijiunga wagonjwa tu mfuko unakufa. Toto Afya Kadi mnaikumbuka, ile bima ya watoto, 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, wazazi wengi wakawa wanakata mtoto akishaumwa, mfuko ukaelemewa na 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, zogo likawa kubwa. Ndio sababu sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023 inataka wote waingie, na kwa wasio na uwezo kuna mfuko unaochangiwa na tozo kwenye vitu kama soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha.

Babu ana miaka 70, si bure? Mbona anaandikiwa dawa akanunue?

Kwa sera ya 2007 mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anatibiwa bure, sawa na wajawazito na watoto chini ya miaka 5. Shida ni kwamba kituo kikimpa msamaha hakuna anayekirudishia ile hela, kwahiyo penye wazee wengi na maskini wengi makusanyo ni madogo na dawa zinaisha haraka, maskini wanasamehewa kwenye dirisha tupu. Mi hilo naliona ni donda kubwa kuliko yote, ahadi isiyo na bajeti anailipa yule yule aliyeahidiwa. Kwa sasa babu apitie kwa mtendaji na ustawi wa jamii awe na kitambulisho, na dawa ikikosekana aombe iandikwe kwamba imekosekana, maana maagizo yanayofuata yanategemea rekodi hiyo.

Sisi wa kijijini tunaamua nini hapo?

Kikubwa kuliko mnavyodhani. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 hela za mfuko wa pamoja wa wahisani zinaingia moja kwa moja akaunti ya zahanati, na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, mwenyekiti anatoka kwenu na mganga mfawidhi ni katibu tu. Mpango wa mwaka unaanzia pale. Tatizo kikao kinaitwa wanakuja wanaume wawili watatu wa karibu, mama wa kitongoji cha mwisho hayupo, halafu mpango unatoka na rangi ya ukuta na viti vya ofisi. Mchagueni huyo mama, na nauli yake iwekwe kwenye bajeti. Ulizeni tu mambo matatu: hela iliyoingia robo hii ni shilingi ngapi, imenunua nini, na dawa gani imekosekana siku nyingi zaidi. Mapato na matumizi yanatakiwa yawe kwenye ubao wa matangazo, kama ubao ni mtupu muulizeni mwenyekiti wa kamati mkiwa kwenye mkutano wa kijiji.

Mke wangu ana miezi minane na tuko mbali na hospitali, nifanye nini leo?

Usisubiri uchungu. Muulize muuguzi wa kliniki kama mimba ina hatari (aliwahi kufanyiwa upasuaji, mapacha, presha, damu pungufu), kama ipo asogee karibu na hospitali wiki chache kabla, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria kama hospitali yenu inayo. Weka namba 115 kwenye simu yako na ya jirani, ni ya bure, ni ya mfumo wa m-mama unaotafuta usafiri wa dharura kwa mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga, ikikosekana ambulensi wanatafuta dereva wa kijamii ambaye analipwa na mfumo siyo na wewe. Akitoka damu, akiumwa kichwa sana akaona ukungu, au akapata degedege, piga muda huo huo hata kama ni saa nane usiku.