Kasanvu: kazi ya lazima iliyolipwa

Kasanvu ulikuwa utaratibu wa serikali ya kikoloni ya Uganda, ulioanza katika ufalme wa Buganda mwaka 1909 na kufutwa 1922. Mwanamume mwenye nguvu zake aliweza kuitwa na chifu akafanye kazi ya serikali kwa mwezi mzima, atake asitake. Na alilipwa. Hapo ndipo wengi huteleza, maana ukitaja kazi ya kulazimishwa mtu huwaza minyororo na kazi ya bure. Malipo ya kasanvu yalikuwa chini ya yale ambayo mtu angepata akijitafutia kibarua mwenyewe. Yangekuwa sawa, machifu wangetumwa kukusanya watu kwa sababu gani?

Luwalo ni kitu kingine. Hiyo ilikuwa kazi ya bure ya kutengeneza barabara za eneo, na Mkataba wa Buganda wa 1900, kati ya Waingereza na ufalme huo, uliiwekea mpaka: mtu mmoja kwa kila nyumba tatu, si zaidi ya mwezi mmoja kwa mwaka. Mkataba huohuo ulileta kodi ya nyumba, rupia 3. Ongeza busuulu, yaani kodi ya ardhi, kwa aliyekaa kwenye mailo (ardhi ya kumilikiwa) ya mtu mwingine. Kasanvu ilikuja juu ya hayo yote.

Serikali yenyewe haikuzunguka nyumba kwa nyumba. Amri ilitoka Entebbe, makao ya serikali, ikafika kwa chifu wa saza (eneo kubwa), ikashuka gombolola (sehemu ya saza), ikaishia kwa chifu wa muluka (sehemu ya gombolola), na kila ngazi ilidaiwa idadi ya watu. Wa muluka ndiye aliyewajua kwa majina, na ndiye aliyechagua. Si vigumu kukisia watoto wa nani walibaki nyumbani.

Kazi zenyewe zilikuwa kulima barabara, kujenga na, iliyochukiwa kuliko zote, kubeba mizigo. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Kutoka hapo bidhaa zilivuka ziwa kwa meli, na zikishateremshwa upande wa Uganda, sehemu kubwa ya safari iliyobaki ilikuwa juu ya vichwa vya watu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama kilo 27. Afisa akienda kukagua wilaya, hema, kitanda na masanduku yake yalitangulia au kumfuata hivyohivyo, kichwani, siku baada ya siku.

Ubaya mwingine ni kwamba serikali hiyohiyo, tangu 1904 hivi, ilikuwa ikiwahimiza wakulima wapande pamba. Pamba haimsubiri mtu. Ukiitwa mwezi wa kupanda, msimu umekupita, na kodi iko palepale.

Jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha ni msamaha. Aliyekuwa tayari ameajiriwa na tajiri aliweza kuepuka kasanvu. Kwa hiyo mtu mwenye akili zake alikimbilia shamba la kahawa au la mpira la Mzungu, akakubali mshahara mdogo, ili asichukuliwe na serikali kwa mshahara mdogo zaidi. Mwenye shamba alipata vibarua bila kupandisha malipo hata senti. Ndiyo maana kuhesabu walioitwa peke yao hakutoshi. Kasanvu iliwabana hata wale ambao hawakuwahi kuitwa.

Ilipofutwa, matajiri walilalamika kwamba watu hawapatikani. Baadaye vibarua wengi walitoka West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo), ambako wengine walikuwa wakikimbia kazi za lazima za Wabelgiji. Mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira yalikua kwa jasho la wageni kama hao. Ukali ulikuwepo huko pia, mnyapara na posho ya kupimwa, lakini hiyo si kasanvu: hakuna chifu aliyekutoa nyumbani kwako.

Siku hizi ibara ya 25 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inakataza kazi ya kulazimishwa, isipokuwa katika hali chache. Mojawapo ni kazi za kawaida za jamii, kama zile za bulungi bwansi, yaani kazi za pamoja za kijiji: kufyeka njia, kusafisha kisima, kuzibua mfereji wa kijiji.